Moyo Una Vyuma Vinne

Binti mmoja darasani kwangu alikuwa anasoma kwa kidole. Kidole kinakaa chini ya silabi, midomo inajaribu, kidole kinasogea, kinarudi. "Da-mu... hu-su... hu-su-mu... husumukwa." Darasa likaguna, wawili watatu wakacheka. Neno lilikuwa "husukumwa", na aya yenyewe ilikuwa ya mistari 6 tu kuhusu mzunguko wa damu. Alipofika mstari wa 3 nilimwambia akae, nikamwita mwingine amalizie. Nilidhani namsitiri.

Kwenye ripoti yake ya muhula ule niliandika "aongeze bidii". Muhula uliotangulia nilikuwa nimeandika maneno hayohayo, na katika miaka 17 ya kufundisha sayansi nimewaandikia wanafunzi wengi mno. Nikiyakumbuka leo yananichoma, maana bidii ndiyo kitu ambacho binti yule hakuwahi kupungukiwa. Mama yake alikuja kunieleza baadaye kwamba kazi ya nyumbani ambayo wenzake waliimaliza kwa nusu saa, mwanawe aliikalia mpaka usiku, anaandika, anafuta, analia, anaandika tena hadi karatasi inatoboka.

Mambo yalibadilika bila mimi kupanga. Jioni moja nilibaki darasani macho yamechoka, nikaiachia simu inisomee maandishi ya somo la kesho yake. Karibu kila simu janja ina uwezo huo ndani yake, kwenye mipangilio ya ufikivu: unagusa aya, sauti inasoma. Binti akaingia kuleta daftari, akasimama palepale mlangoni, kichwa amekiinamisha upande. Nikamwona anasikiliza. Nikairudisha aya mwanzo, ikasomwa mara mbili. Kisha, kama mazungumzo tu, nikamuuliza kwa nini ukuta wa chumba cha chini cha moyo ni mnene upande wa kushoto kuliko wa kulia.

Hakukawia. "Mwalimu, wa kulia unapeleka damu kwenye mapafu, hapo jirani tu. Wa kushoto unapeleka mwili mzima mpaka vidole vya miguu. Si lazima uwe na nguvu zaidi?"

Sababu hiyo haikuwamo kwenye aya. Aya ilisema tu kwamba ukuta wa kushoto ni mnene. Aliitafuta mwenyewe, amesimama na daftari mkononi. Katika jaribio la wiki mbili kabla, swali lililofanana na hilo alikuwa ameliacha tupu, nami nikampa sifuri bila kusita.

Usiku ule nilizitoa karatasi zake zote nilizokuwa nimezihifadhi. Nilichokiona kilikuwa kilekile katika kila moja: swali la kwanza limejibiwa, la pili limejibiwa kwa tahajia iliyovurugika lakini wazo lipo, la tatu limeanzwa na kukatika katikati ya neno, halafu weupe mpaka mwisho. Sikuwa nimewahi kuzitazama karatasi zile kwa pamoja. Kila moja peke yake ilionekana ya mtoto asiyejua. Zikipangwa mezani zilisimulia habari za mtoto anayeishiwa muda na nguvu mahali palepale kila mara.

Mwaka 1986 wanasaikolojia Philip Gough na William Tunmer walipendekeza namna nyepesi ya kulitazama jambo hili: kuelewa unachosoma ni zao la vitu viwili, uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Walizidisha, hawakujumlisha. Mtoto mwenye lugha pana na fikra kali akikwama kwenye herufi, zao lote linaporomoka. Sauti ya simu ilikuwa imeuruka mlima wa kwanza, na kilichokuwa nyuma yake kikaonekana. Majaribio yangu yalikuwa yanapima kasi ya macho juu ya herufi, na kwenye kichwa cha karatasi nimeandika "Sayansi".

Nilipoanza kutafuta maarifa nilikutana na kisa kilichonikosesha usingizi. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika British Medical Journal kuhusu kijana wa miaka 14 aitwaye Percy, mwerevu, mwepesi katika michezo, ambaye kusoma kulimshinda kabisa. Mwalimu wake alisema kijana angekuwa bora kuliko wote shuleni laiti masomo yangefundishwa kwa mdomo tu. Mwalimu yule alijua tatizo liko wapi. Chombo ndicho alichokosa. Mashine ya Ray Kurzweil ya kusoma maandishi kwa sauti, iliyobuniwa kwa ajili ya wasioona, ilitokea mwaka 1976, miaka 80 baadaye, na ilijaa meza nzima. Mimi chombo nilikuwa nacho mfukoni, nikikitumia kupigia simu.

Sina ujuzi wa kupima na kuthibitisha ulemavu wa kujifunza. Hiyo ni kazi ya wataalamu, na mzazi akiweza kumfikisha mtoto kwao, amfikishe. Ila ni vizuri tukaelewana kuhusu majina. Disleksia hukwamisha kusoma na tahajia. Disgrafia hukwamisha kuandika. Diskalkulia hukwamisha hesabu, hasa hisia ya ukubwa wa namba. Hakuna hata moja inayomaanisha mtoto hana akili, wala haitokani na macho mabovu au malezi mabaya. Mwongozo wa DSM-5 wa mwaka 2013, ulioandikwa kwa ajili ya madaktari wa afya ya akili, ulikadiria kwamba asilimia 5 hadi 15 ya watoto wa umri wa shule wana ulemavu wa aina hii, katika lugha na tamaduni mbalimbali. Kwa darasa la watoto 40, hao ni 2 hadi 6. Nilipofanya hesabu hiyo nilianza kuwapitia wanafunzi wangu wa nyuma kichwani, mwaka baada ya mwaka, wale tuliowaita vilaza.

Na kuna dhana niliyokuwa nayo, nimeisikia pia kwa walimu wenzangu, kwamba tatizo hili ni la Kiingereza, lugha yenye tahajia ngumu, na kwamba Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa kwa hiyo hakuna wa kukwama. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Eraldo Paulesu walichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa watu wenye disleksia waliokulia Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza. Wenye Kiitaliano, ambacho tahajia yake ni nyoofu kama yetu, walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wengine, lakini ubongo wao ulionyesha upungufu uleule. Lugha nyoofu humficha mtoto. Hakosei maneno mengi, kwa hiyo hatumshtukii. Anachelewa tu, na kuchelewa tunakuita uvivu. Isitoshe neno moja la Kiswahili laweza kubeba sentensi nzima. Mtoto anayekokota silabi akifika mwisho wa "tusingaliwasikiliza", mwanzo wake umeshamtoka akilini: nani hakusikiliza, na hakumsikiliza nani.

Basi nikaamua kumpa binti yule masomo yangu yote kwa sauti. Nilifikiri ni kazi ya jioni moja.

Matini zangu za miaka yote zilikuwa karatasi. Nilizipiga picha moja moja, nikazituma kwenye kishikwambi cha shule. Kesho yake akaniambia kimesema "picha" kisha kikanyamaza. Nilikuwa sijui, na nadhani walimu wengi hawajui, kwamba ukurasa uliopigwa picha, hata ukihifadhiwa kama faili la PDF, kwa programu ya kusoma hauna herufi hata moja. Ni mchoro. Jicho linaona maneno, mashine inaona madoa meusi. Inabidi kwanza faili lipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi.

Nikapitisha. Programu ikanirudishia "rnoyo" mahali pa "moyo", kwa sababu nakala ilikuwa hafifu na herufi m ikaonekana kama r na n zimeshikana. Ng'ombe akapoteza kibainishi chake akawa "ngombe". Nikasahihisha kurasa 9 kwa mkono. Kisha sauti ikaanza kusoma, na nikasikia Kiswahili kinatamkwa kama Kiingereza, neno "damu" limepinda hata mimi niliyeliandika sikulitambua. Nilihangaika siku mbili. Kumbe kila faili lina mahali linapotaja lugha yake, na yangu yote yalikuwa yamejitangaza kuwa ya Kiingereza kwa sababu ndivyo kompyuta ilivyowekwa. Nilibadilisha lugha ya faili, nikapakua sauti ya Kiswahili ili isihitaji intaneti, na mambo yakanyooka.

Nalisimulia hili kwa urefu kwa sababu hapa ndipo walimu wengi wenye nia njema wanapokata tamaa. Wanasema, "Tumejaribu, haifanyi kazi." Mara nyingi kinachokwama ni faili, na faili tumelitengeneza sisi wenyewe. Siku hizi naandika matini zangu moja kwa moja kwenye kompyuta. Vichwa vya habari naviweka kwa mitindo ya programu yenyewe, maana kunenepesha herufi kwa mkono hakumwambii msomaji wa sauti kwamba hiki ni kichwa, na asipojua hilo hawezi kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kila mchoro naupa maelezo mafupi ya maneno. Mtu akishazoea, hakuna dakika inayoongezeka.

Kosa langu kubwa zaidi halikuwa la kiufundi. Kishikwambi kilipokuwa tayari nilimpelekea binti mezani kwake, katikati ya kipindi, pamoja na vipokea sauti vya masikioni, nikasema kwa furaha kwamba hiki ni cha kumsaidia kusoma. Darasa zima likageuka. Aliniambia asante kwa sauti ya chini, akakiweka ndani ya dawati, na hakukigusa kwa wiki 3. Nilikasirika kidogo, lazima niseme. Nilimwona hana shukrani. Siku moja nikamuuliza faraghani, akajibu huku anaangalia chini: "Mwalimu, sasa kila mtu anajua."

Sikuwa na jibu. Nilichofanya baada ya siku kadhaa ni kuziweka matini zote za sauti mahali ambapo mwanafunzi yeyote angeweza kuzichukua, nikatangaza kwamba anayetaka kusikiliza asikilize, anayetaka kusoma asome, anayetaka vyote afanye vyote. Ndani ya mwezi mmoja wanafunzi ambao sikuwahi kuwadhania walikuwa wanasikiliza: mmoja aliyehamia karibuni na lugha bado haijamkaa, mmoja anayesafiri safari ndefu kila siku, mmoja ambaye hatulii kwenye kiti na akisikiliza huku anatembea nyuma ya darasa anaelewa zaidi. Binti akawa mmoja kati ya wengi. Hapo ndipo alipokitoa kishikwambi kwenye dawati. Kwa maoni yangu, chombo kinachomtenga mtoto na wenzake kimeshashindwa hata kama kinafanya kazi barabara.

Kuhusu fonti nitasema machache. Nilipoteza muda mwingi kubadilisha matini zangu ziwe na fonti maalumu za wenye disleksia, zile zenye herufi nzito chini. Zinasifiwa sana, na kama mwanafunzi anaipenda moja, aachwe nayo. Lakini tafiti zilizozipima hazikuonyesha kwamba zenyewe zinaongeza kasi au usahihi. Kilichofaa kwangu ni nafasi. Mwaka 2012 Marco Zorzi na wenzake walionyesha kuwa kuongeza nafasi baina ya herufi kuliwasaidia watoto Waitaliano na Wafaransa wenye disleksia kusoma vizuri zaidi palepale, bila mafunzo yoyote. Naacha nafasi ya mistari 1.5, herufi za ukubwa wa 12 hadi 14, maandishi yameanzia kushoto na ukingo wa kulia umeachwa huru, bila italiki. Basi.

Sasa nifike kwenye vyuma.

Binti aliweza kusikiliza, lakini kuandika kulibaki palepale. Insha yake ilikuwa mistari 4 ya maneno mafupi mafupi aliyokuwa na hakika nayo. Alikwepa kila neno refu, kwa hiyo mawazo yake kwenye karatasi yalikuwa ya mtoto mdogo kuliko yeye. Tukajaribu imla: anasema, simu inaandika. Darasani haikuwezekana, kelele ziliingia, maneno ya jirani yakawa sehemu ya insha yake. Tukahamia kichumba cha vifaa wakati wa mapumziko. Mara ya kwanza alizungumza dakika 4 mfululizo bila kituo wala mkato, likatoka bunda moja la maneno lisilo na mwanzo wala mwisho. Ikabidi tuanze kwa kalamu: maneno 5 tu ya kumkumbusha mpangilio, kisha sentensi moja, anyamaze, afikirie, sentensi nyingine.

Siku moja alisema, "Moyo una vyumba vinne." Skrini ikaandika, "Moyo una vyuma vinne." Nikamwambia akague. Alitazama kwa makini, kidole chini ya kila neno, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Iko sawa, Mwalimu." Sikusema kitu. Nikamwambia abonyeze isomwe.

"Moyo una vyuma vinne," ikasema ile sauti, bila haya.

Alishtuka, akaangua kicheko mpaka akashika mdomo. "Vyuma! Imesema vyuma! Nani ana vyuma moyoni?" Akairudisha. Akasikiliza tena. Halafu akafanya jambo ambalo sijalisahau: akaisogelea skrini, akasema polepole, "vyu-ma, vyu-mba," akiyashika midomoni yote mawili, akaweka kishale kati ya u na m, akakisogeza mbele, na kuingiza herufi b peke yake. Akabonyeza. "Moyo una vyumba vinne." Akaniangalia.

Kwa miaka miwili nilikuwa nazungushia kosa hilohilo kwa wino mwekundu kwenye daftari lake. "Kuma" kwa "kumba", nikamtazama kwa ukali. "Tuma" kwa "tumba". "Jeme" kwa "jembe". Wino mwekundu ulikuwa unamwambia tazama tena, na macho ndiyo hasa yaliyokuwa hayaoni tofauti. Sikio lilikuwa linaona muda wote, hakuna aliyeliuliza. Tangu siku ile hakuna mwanafunzi wangu anayekabidhi maandishi, awe na ulemavu au asiwe nao, bila kwanza kuyasikiliza yakisomwa. Makosa niliyokuwa nasahihisha mimi wanayakamata wao.

Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, aliniambia waziwazi kwamba namharibu mtoto: "Atasomewa na simu mpaka lini? Hatajua kusoma milele." Hofu yake ni ya haki na sikuipuuza. Tulikubaliana kutenganisha nyakati. Kila siku kulikuwa na dakika 20 za kusoma kwenyewe, bila sauti: silabi, kukatakata maneno marefu, kusoma kwa kurudia aya ileile fupi. Hapo hakuna njia ya mkato. Saa za sayansi, historia na mengineyo, sauti ilibaki. Ukimzuilia mtoto maarifa yote mpaka herufi zimkubali, herufi zitakuja zikute hana cha kusoma nazo: hana msamiati, hana habari za dunia, amebaki nyuma kwa kila kitu. Na kilichotokea kwa binti huyu ni kwamba maneno aliyokwisha kuyasikia mara nyingi kwa sauti ndiyo aliyoanza kuyatambua haraka kwa macho. "Husukumwa" likiwamo. Kasi yake bado ni ndogo. Itabaki ndogo, huenda maisha yake yote.

Kulikuwa pia na kijana wa hisabati, na kwake mambo yalikuwa tofauti. Kichwa chake kilielewa hoja, lakini namba zilimponyoka njiani kutoka ubaoni hadi daftarini: 307 ikifika ni 370. Tulimpa kikokotoo kinachotaja kila tarakimu inapobonyezwa. "Tatu. Saba." Anasimama, anafuta. Hiyo ilimwokoa na makosa ya kunakili. Haikumpa hisia ya ukubwa wa namba; angeweza kupata jibu kubwa mara 10 ya linalowezekana asishtuke. Kwa hilo tulitumia programu yenye vitalu vya kumi na vya moja ambavyo unavikusanya na kuvivunja kwa kidole. Na kitu kilichomsaidia kuliko vyote kilikuwa karatasi ya miraba, tarakimu moja kwa kila mraba, isiyohitaji chaji wala nywila. Nayo naihesabu kuwa teknolojia.

Ukaja mtihani mkubwa wa binti. Alikuwa amezoea kusikiliza swali kabla ya kujibu. Asubuhi ya mtihani msimamizi akasema vipokea sauti haviruhusiwi, na hana maelekezo mengine. Alikuwa sahihi kwa upande wake: hakukuwa na barua. Nilikuwa nimezungumza na watu, nimekubaliwa kwa mdomo, nikaamini yameisha. Binti aliingia akafanya mtihani kwa macho yake, akatoka na uso nilioujua vizuri, ule wa maswali 3 ya kwanza.

Lile lilikuwa kosa langu na yeye ndiye aliyelilipa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika Ibara ya 24, unazitaka nchi wanachama kuhakikisha mwanafunzi mwenye ulemavu anapata marekebisho yanayomfaa katika elimu. Lakini haki iliyo kwenye mkataba haitembei yenyewe mpaka kwenye chumba cha mtihani. Inatembezwa na fomu, tarehe na sahihi. Mwaka uliofuata nilianza miezi 8 mapema. Niliambatisha ripoti ya mtaalamu, orodha ya vifaa anavyotumia kila siku, na sampuli 2 za kazi yake, moja bila sauti na moja yenye sauti. Hizo sampuli ndizo zilizoongea. Akapewa muda wa nyongeza na kusomewa maswali. Tulifanya majaribio 4 kwa mpangilio uleule wa mtihani, maana kifaa kigeni siku ya mtihani ni mzigo wa pili.

Alama zake sitazitaja, ni zake. Aliendelea na masomo.

Muhula uliopita alinitumia ujumbe, wa sauti kama kawaida yake. Anawasaidia wadogo wa darasa langu kujisomea jioni, na nilikuwa nimewapa matini mpya kuhusu mfumo wa upumuaji, niliyoitengeneza kwa haraka usiku kabla ya safari. "Mwalimu, faili lako la mapafu halisomeki," alisema. "Kurasa 2 za kwanza ni nzuri, ya 3 ni picha. Umeipiga picha kitabuni, nimeiona mpaka kivuli cha kidole chako. Watoto wamefika hapo sauti imekata. Tunakusubiri."

Nilifungua kompyuta nikaanza kuuandika ukurasa wa 3.